Siku moja tu: jinsi timu za besiboli Marekani zinavyowachelewesha chipukizi ili ziwamiliki mwaka wa ziada

Mtoa mada

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka aupitie jioni.

Jukwaa hili limejaa Simba, Yanga na usajili wa Ulaya, na hata mimi huko ndiko nilikotokea. Ila tangu nianze kuishi Chicago nimezama kwenye besiboli, na kuna jambo limenikaa rohoni miaka sasa. Nitalieleza taratibu, maana ukilisikia mara ya kwanza utadhani ni suala la makarani tu.

Kwenye soka mkataba ukiisha mchezaji anaondoka zake. Ligi kuu ya besiboli, yaani MLB, haiko hivyo. Kijana akishasajiliwa, timu inammiliki mpaka atimize miaka 6 ya utumishi katika ligi kuu. Na mwaka huo wa utumishi ni siku 172 akiwa kwenye kikosi cha ligi kuu, au akiwa majeruhi wa kikosi hicho. Siku za ligi za chini hazimo. Msimu wenyewe una siku 187 hivi. Sasa mwache kijana ligi ya chini wiki mbili na ushee mwanzoni mwa msimu, halafu mpandishe. Atakuchezea karibu mechi zote, lakini msimu ukiisha vitabu vitasema hajatimiza mwaka. Umempata misimu 7 kwa hesabu ya 6.

Na miaka hiyo hailipwi kwa bei ya soko. Ile mitatu ya mwanzo kwa kawaida anapata kima cha chini cha ligi au juu yake kidogo tu, hata kama hakuna anayemfikia nchi nzima: dola 507,500 mwaka 2015, dola 760,000 mwaka 2025. Najua kwetu hizo ni hela nyingi. Lakini mwenzake wa kiwango kilekile aliye huru anachukua milioni 20 au 30 kwa mwaka. Baada ya hapo anaingia usuluhishi: yeye anaandika kiasi chake, timu inaandika chake, na wasuluhishi watatu wanachagua kimoja kati ya hivyo viwili, hakuna kukutana katikati. Bei halisi ataijua siku akiwa huru.

Mfano wenyewe ni Kris Bryant wa Chicago Cubs. Alichukuliwa wa 2 mwaka 2013 timu zilipogawana vijana, akitokea Chuo Kikuu cha San Diego. Mwaka 2014 huko ligi za chini alipiga mipira 43 ya kuvuka ukuta (wasiojua: mpira ukivuka ukuta wa uwanja, mpigaji anazunguka vituo vyote vinne bila kusumbuliwa na mtu). Machi 2015, kwenye mechi za kupasha moto, akapiga 9, wastani .425 (yaani alifanikiwa kupiga zaidi kidogo ya mara 4 kati ya 10). Hakuna mtu ligi nzima aliyepiga nyingi kumzidi.

Cubs wakamrudisha Iowa, ligi ya chini. Kiongozi wa idara ya besiboli, Theo Epstein, akasema kijana bado anatakiwa kuimarisha ulinzi wake kwenye kituo cha tatu. Msimu ukaanza tarehe 5 Aprili. Tarehe 17 wakamwita. Pigeni hesabu wenyewe: msimu ule ulikuwa wa siku 183, toa 12 alizokaa Iowa, zinabaki 171.

Siku moja pungufu. Hakuna binadamu anayejifunza kulinda kituo cha tatu kwa siku 12.

Mechi yake ya kwanza ilikuwa Wrigley Field dhidi ya Padres. Alisimama na rungu mara nne, hakupata kitu, mara tatu akatolewa kwa kukosa mipira. Hilo halikumrudisha Iowa. Mwisho wa mwaka akawa mchezaji mpya bora wa ligi ya National (moja ya ligi mbili zinazounda MLB), na 2016 akawa mchezaji bora wa ligi hiyo. Halafu tafuteni video ya Novemba 2016, Cleveland, mechi ya 7 ya fainali, raundi ya 10. Mpira wa mwisho unabingirika kuelekea kwake. Anaanza kutabasamu kabla hajaudaka. Mguu unateleza kidogo kwenye nyasi mbichi, anarusha hivyohivyo, Anthony Rizzo anadaka, na Cubs wanapata kombe lao la kwanza tangu 1908. Huyo ndiye aliyeambiwa ulinzi wake haujakomaa.

Chama cha wachezaji kilifungua malalamiko mwishoni mwa 2015. Uamuzi ukatoka mwanzoni mwa 2020: msuluhishi Mark Irvings akawapa Cubs ushindi. Bryant akabaki wao mpaka mwisho wa 2021. Na hata huo mwaka waliompigania hawakuumaliza naye. Julai 2021 wakampeleka San Francisco Giants, wao wakachukua chipukizi wawili. Ile siku moja ya Aprili 2015 ilikuja kuzaa wachezaji wawili miaka 6 baadaye.

Kinachonikera mimi ni hiki. Anayeshika kalenda ndiye huyohuyo anayefaidi kalenda ikichelewa. Na kwa kuwa haruhusiwi kuitaja sababu, lazima atafute kasoro kwa kijana na kuitangaza hadharani. Mtoto wa miaka 23 anasoma magazetini kwamba hafai, na wote chumbani wanajua anafaa.

Kipanga

Mkuu nimesoma yote, umeeleza vizuri. Ila mimi siko upande wako. Kwanza, huyo Bryant alipotoka chuo Cubs walimpa hela ya kusaini. Timu inabeba mzigo wa mamia ya vijana ambao hawafiki popote, lazima ifidie kwa wachache wanaofika. Pili, kama sheria inasema 172, basi 171 si kosa. Tatu, 2020 jamaa alipiga wastani .206. Angekuwa huru mwisho wa 2020, katikati ya korona, viwanja vitupu, nani angempa zile milioni 182 za miaka 7 alizokuja kupewa na Colorado Rockies 2022? Huenda ule mwaka wa ziada ulimsaidia.

Mtoa mada

Kipanga, hoja ya tatu ni nzito na siikwepi. Tena nakuongezea nyingine ya upande wako: kwa kuwa alibaki na siku 171, aliingia usuluhishi mapema, mara nne badala ya tatu. Mwaka 2018 alipata dola milioni 10.85, na wakati ule hakuna mchezaji aliyewahi kupata hivyo mara yake ya kwanza kwenye usuluhishi. Mwaka 2021 alilipwa milioni 19.5. Hakulala njaa.

Lakini tazama nani aliamua. Mwisho wa 2020 angeweza kusaini mwaka mmoja mahali akatulia, ajirekebishe, arudi sokoni. Angeweza kukubali hela ndogo akacheze karibu na kwao Las Vegas. Angeweza kukosea kabisa. Kosa lingekuwa lake. Haki ya kuchagua mwajiri haipimwi kwa kuangalia kama uchaguzi ungemletea faida.

Kuhusu sheria, hiyo 6 haikushuka mbinguni. Zamani timu ilimmiliki mchezaji maisha. Curt Flood alikataa kuhamishwa kwa lazima 1969, akaenda mpaka Mahakama Kuu ya Marekani, akashindwa 1972, na kazi yake ya mpira ilikuwa imeshaisha. Desemba 1975 msuluhishi Peter Seitz akaamua kwamba Andy Messersmith na Dave McNally wako huru. Ndipo 1976 pande mbili zikakaa mezani zikakubaliana miaka 6. Wachezaji walitoa sita yao kwa hiari, ni maafikiano. Ukimchukulia mtu mwaka wa saba kwa ujanja wa siku 12, umevunja maafikiano hata kama hujavunja kifungu.

Mama Seif

Mimi besiboli siijui kabisa, mwanangu ndiye kanitumia huu uzi. Lakini haya mambo nayajua. Kiwanda nilichofanya kazi, vibarua walikuwa wakikaribia miezi ya kuthibitishwa wanaambiwa kazi zimepungua, nendeni nyumbani. Wiki mbili baadaye wanaitwa, mashine zilezile, wanaanza kuhesabiwa upya. Tulikuwa na mama mmoja pale miaka na miaka, kwenye makaratasi kila mara ni mgeni. Ukiuliza, meneja anakujibu kwa upole kabisa kwamba oda hazijaja. Swali langu: kuna bosi yeyote huko aliyewahi kukiri?

Mtoa mada

Shikamoo Mama Seif. Umelielewa kuliko wachambuzi wengi wa televisheni za huku. Ndiyo, yupo mmoja, na alikiri bila kukusudia.

Februari 2021, Kevin Mather, rais wa Seattle Mariners, alizungumza kwa njia ya video na klabu moja ya Rotary ya Bellevue, jirani na Seattle. Alidhani anaongea na watu wa nyumbani. Akaeleza kwamba msimu wa 2020, pamoja na shida zote za korona, hakukuwa na uwezekano wa vijana wake kuonekana uwanja mkubwa, kwa kuwa timu haikutaka saa yao ya utumishi ianze. Akaeleza kwamba Jarred Kelenic alipewa mkataba wa muda mrefu akaukataa. Akagusia hata Kiingereza cha Julio Rodríguez, kijana wa Jamhuri ya Dominika, na cha Hisashi Iwakuma, Mjapani aliyewahi kuichezea timu hiyohiyo. Video ikavuja mtandaoni. Tarehe 22 Februari akajiuzulu.

Hakujiuzulu kwa kufanya alichokisema. Timu nyingi zilikuwa zinafanya. Alijiuzulu kwa kukisema.

Na ushahidi mwingine uko kwenye tarehe. Evan Longoria wa Tampa Bay, 12 Aprili 2008. Bryant, 17 Aprili 2015. Ronald Acuña Jr. wa Atlanta, 25 Aprili 2018. Vladimir Guerrero Jr. wa Toronto, 26 Aprili 2019 (huyu aliumia misuli ya ubavu mwezi Machi, kwa hiyo 2019 nawasamehe, ila 2018 alikuwa amepiga wastani .381 ligi za chini na bado Septemba hawakumpandisha). Vijana hawakomai wote kwa pamoja kati ya wiki ya pili na ya nne ya Aprili.

Tena hapahapa Chicago, upande wa White Sox: Machi 2019 walimshusha Eloy Jiménez ligi ya chini. Siku chache baadaye akasaini mkataba wa miaka 6, dola milioni 43. Akaanza msimu na timu kubwa. Mlinzi yuleyule, mikono ileile, mwezi uleule. Kilichobadilika ni kwamba saa yake haikuwa na maana tena.

Mgosi

Kiongozi, umemtaja Kelenic ukapita haraka. Alipandishwa 13 Mei 2021 akapiga wastani .181 msimu huo. Yaani alikuwa kweli hajaiva! Baadaye wakamuuza Atlanta. Sasa kama timu ingemsikiliza chama cha wachezaji ikampandisha Aprili, si ndiyo angeumbuka mapema zaidi? Wakati mwingine makocha wanajua.

Mtoa mada

Mgosi, ni kweli .181, na ni kweli kuna vijana wanaohitaji kusubiri. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Kwa kuwa timu imeshatumia neno "hajaiva" kama kisingizio mara nyingi, siku ikilisema kwa haki hakuna anayeiamini, na kijana mwenyewe hajui kama anafundishwa au anachelewa kwa ajili ya hesabu. Kocha wa kweli anapoteza silaha yake.

Ila wakuu, kuna sehemu ya jambo hili ambayo naona haizungumzwi vya kutosha, nayo ni akiba aliyonayo kijana mfukoni.

Bryant alipewa dola milioni 6.7 siku anasaini na Cubs. Akikaa Iowa siku 12 au 120, nyumbani kwao hawatetereki. Anaweza kukataa mikataba ya bei poa, asubiri, ashtaki, ashindwe, aendelee. Acuña alitoka Venezuela, alisaini na Atlanta mwaka 2014 kwa dola 100,000. Laki moja, ugawe na waliokulea. Kijana kama huyo akiambiwa uhuru wako ni mwisho wa 2024, na goti linaweza kuvunjika kesho, atafanyaje? Aprili 2019 akasaini miaka 8 kwa milioni 100. Mwenzake Ozzie Albies wa Curaçao, naye wa Atlanta, mwezi huohuo akasaini miaka 7 kwa milioni 35.

Sasa hesabu. Kama Acuña angeanza msimu wa 2018 na timu kubwa siku ya kwanza, na asisaini chochote, miaka 6 yake ingetimia mwisho wa 2023. Mwaka 2023 ndio alipiga mipira 41 ya kuvuka ukuta, akaiba vituo 73 (yaani kukimbilia kituo kinachofuata bila mpira kupigwa), akachaguliwa mchezaji bora kwa kura zote bila hata moja kupotea. Angeingia sokoni wiki hizo, umri miaka 25. Badala yake mwaka ule alilipwa milioni 17 kwa mkataba aliousaini akiwa na miaka 21.

Najua magoti yake yameumia mara mbili, 2021 na 2024, kwa hiyo ile milioni 100 ilikuwa kinga ya kweli. Simlaumu hata kidogo. Nasema tu kwamba ile saa haimbani mwenye akiba na asiye na akiba kwa nguvu sawa. Kadiri uhuru unavyosogezwa mbele, ndivyo mtoto wa maskini anavyozidi kuwa tayari kuuza miaka yake bora kwa bei ya chini. Timu inajua hivyo inapoweka karatasi mezani.

Mkazi wa Kampala

Hii imenigusa. Huku Uganda vijana wanacheza kweli. Timu ya watoto ya Lugazi ilifika mashindano ya dunia ya Little League kule Williamsport 2012, wa kwanza kutoka Afrika kucheza pale uwanjani. Mwaka 2022 Dodgers walisajili vijana wetu wawili, Ben Serunkuma na Umar Male. Je, hii saa inawahusu na wao?

Mtoa mada

Kaka, hongereni sana. Saa yao haijaanza mpaka siku watakapoitwa kikosi kikubwa. Ndiyo ugumu wenyewe. Mwafrika wa kwanza kufika MLB ni Gift Ngoepe wa Afrika Kusini. Alisaini na Pittsburgh Pirates 2008, akapanda 26 Aprili 2017, na mara yake ya kwanza kusimama na rungu akapata kituo mbele ya Jon Lester wa Cubs. Miaka yote ile kabla yake haikuhesabiwa hata siku moja.

Kilichobadilika ni mshahara wa huko chini. Wachezaji wa ligi ndogo walijiunga na chama 2022, mkataba wao wa kwanza ukaja 2023, na ngazi ya juu kabisa ya ligi hizo ikapanda kutoka dola 17,500 hadi 35,800 kwa mwaka. Kwa vijana wa Kampala au Lugazi hilo lina uzito kuliko haya yote ya Bryant.

Kipanga

Sawa, ila nasikia mkataba wa 2022 ulishalimaliza suala hili. Mbona hujautaja?

Mtoa mada

Nilikuwa nauelekea. Desemba 2021 wenye timu walifunga milango, yaani waliwazuia wachezaji kufanya kazi, siku 99, mpaka 10 Machi 2022 ulipopatikana mkataba mpya wa hali bora za kazi. Mambo mawili yakaingizwa. La kwanza: kijana anayeshika nafasi ya 1 au ya 2 kwenye kura za mchezaji mpya bora anapewa mwaka mzima wa utumishi, hata timu imemchelewesha. La pili: timu ikimpa chipukizi wa daraja la juu nafasi tangu mwanzo wa msimu, naye akashinda tuzo hiyo au akafanya makubwa kwenye kura za tuzo kubwa kabla ya kufikia usuluhishi, timu inapewa nafasi ya ziada ya kuchagua kijana.

Limefanya kazi, nakubali. Mariners walewale wa Mather walimwanzisha Julio Rodríguez siku ya kwanza ya 2022, akashinda, wakapata nafasi ya ziada. Adley Rutschman wa Baltimore alipanda 21 Mei 2022, akawa wa 2, akapewa mwaka wake. Na Paul Skenes! Pirates walimpandisha 11 Mei 2024, akiwa mrushaji akaruhusu wastani wa pointi 1.96 tu kwa kila raundi 9, akashinda tuzo, akapata mwaka kamili. Pirates hawakupata ile nafasi ya ziada kwa sababu walichelewa wenyewe. Siku ile nilifurahi.

Lakini tazama nani amesahaulika. Aliyeshika nafasi ya 3 hapati kitu. Mlinzi mzuri tu, mwaminifu, wa wastani, asiyekuwa kwenye orodha za chipukizi bora, hapati kitu. Yeye ndiye atakayefikia uhuru akiwa na miaka 30 na zaidi, na ni nadra timu za siku hizi kumpa mchezaji kama yeye mkataba mnono kwa umri huo. Mwaka mmoja kwake ndio wote. Na wanaoamua haki hii ya kazi ni waandishi wa habari kwa kura zao. Mama Seif, fikiria kuthibitishwa kazini kwa kura za magazeti.

Mama Seif

Haiwezekani. Sasa wewe ungetaka iweje?

Mtoa mada

Wapo waliopendekeza umri. Mwaka 2021 wenye timu walileta mezani kwamba mchezaji awe huru akifika miaka 29 na nusu, chama kikakataa, na nadhani kilikuwa sahihi: Juan Soto aliyeanza na miaka 19 aliingia sokoni na 26, akapata milioni 765 kwa miaka 15 kutoka Mets. Kwa sheria ya umri pekee angesubiri miaka mingine mitatu na zaidi.

Mimi ningeshusha kiwango cha mwaka wa kwanza. Aliyefikisha siku 100 katika msimu wake wa kwanza ahesabiwe mwaka mzima, basi.

Kipanga

Hapo hujatatua kitu. Watawachelewesha mpaka Julai badala ya Aprili.

Mtoa mada

Baadhi watafanya hivyo, hasa timu ambazo hazina nia ya kushinda. Lakini pima gharama. Leo timu ikimficha kijana siku 16 inapoteza mechi kumi na kitu kati ya 162, hata mashabiki hawaoni tofauti. Ukiitaka imfiche mpaka Julai, inapoteza nusu ya msimu wa mchezaji wake bora, tiketi, runinga, na pengine nafasi ya mtoano. Meneja aliyetaka kufanya hivyo itabidi amweleze mwenye timu kwa nini wamekosa mtoano kwa mechi mbili huku kijana anapiga mipira ya kuvuka ukuta kule Iowa. Sitaki sheria inayotegemea uungwana wa mtu. Nataka kuchelewesha kuwe ghali.

Mkataba wa sasa unaisha 1 Desemba 2026. Mgosi, lile swali lako la faragha kuhusu wanaoingia usuluhishi mapema nitalijibu kesho kwenye uzi huuhuu, lina hesabu zake na leo naingia kazini.